Ada Utalipa, Saa Utazitoa Wapi?

Mwezi huu naomba tuzungumzie shule. Sio shule ya watoto, hiyo tunaizungumzia kila Januari ada zinapotukaba koo. Nazungumzia shule yetu sisi wenyewe, watu wazima wenye kazi, wenye watoto, na wenye wenza wanaotazama saa ukutani wakijiuliza huyu mtu leo atarudi saa ngapi.

Mimi ni mmoja wao. Nina digrii yangu ya mawasiliano, umri ni thelathini na kitu (hicho kitu tukiache), nina mume na watoto wawili, mkubwa yuko darasa la pili, na siku tatu kwa wiki nikitoka ofisini siendi nyumbani, naenda chuo. Nasoma uchambuzi wa data. Kila ninayemwambia ananiuliza moja ya maswali mawili. Wanaume wengi huuliza, "Sasa digrii si unayo?" Wanawake huuliza, "Na watoto unamwachia nani?" La kwanza tulimalize haraka. La pili ndilo lililonifanya niandike, maana pale darasani nimeona nyumba za watu zikitikisika kwa sababu ya kozi ya miezi tisa tu, na wala chanzo si pesa.

Haya, kwanza hiyo digrii. Wakati sisi tunamaliza chuo, mtu wa takwimu alikuwa mtu wa chumba kingine. Yeye na namba zake, sisi na maneno yetu, tunakutana kwenye chai. Siku hizi chumba ni kimoja. Kila duka lenye mashine ya risiti, kila zahanati, kila shirika linalotuma vijana vijijini kuhoji watu, linaacha rekodi nyuma yake. M-Pesa iliingia nchini mwaka 2008, na tangu hapo hata mama muuza vitumbua anaweza kuwa na historia ya mauzo yake ndani ya simu. Sensa ya 2022 makarani walipita na vishikwambi badala ya mafaili ya karatasi. Kwa hiyo rekodi zipo, tena zimejaa. Anayejua kuziuliza maswali ndiye adimu, na kila ofisi inamjua: bosi akisema "nataka ripoti kesho asubuhi", wote mnageuka kumtazama yeye.

Mtu huyo si lazima awe kijana wa kompyuta. Hapa ndipo wengi wetu tunapojinyima, tukidhani data ni hesabu ngumu za wale waliokuwa wanakaa viti vya mbele. Jamani, sehemu kubwa ya kazi hii ni usafi! Wiki za mwanzo mwalimu alitupa orodha ya wateja, ya kutunga, akasema tuwajumlishe kwa mikoa. Kompyuta ikatuambia Dar es Salaam ni mikoa sita: kuna "Dar es Salaam", "Dar", "DSM", "Dsm.", "D'Salaam", na mwingine kwa haraka zake kaandika "Dar es salam". Namba za simu zote zimepoteza sifuri ya mbele, kwa sababu Excel ikiona 0754 inaichukulia kuwa namba ya kuhesabia, na sifuri ya mbele inaitupa. Tarehe imeandikwa 03/04, hujui ni tarehe tatu Aprili au tarehe nne Machi, inategemea kompyuta ilipangwa kwa mtindo wa Uingereza au wa Marekani. Mhasibu anazijua aibu hizi. Nesi mkuu wa wodi anazijua. Mwalimu wa taaluma anazijua. Alichokosa ni zana za kuzisafisha bila kukesha.

Na mtu mzima ana kitu ambacho kijana wa miaka 21 bado hana: anajua lisilowezekana. Kwenye zoezi moja la orodha ya wakopaji, vijana wawili walikuwa wameshapata wastani wa umri na wanachora grafu nzuri kabisa ya rangi. Mama mmoja mhasibu aliyekaa nyuma yangu akauliza, "Huyu mwenye miaka saba nani kampa mkopo?" Darasa likaangua kicheko, lakini grafu ikabidi ifutwe.

Tena ukishasoma kidogo huwezi kusikiliza namba kama zamani. Matokeo ya sensa yalisema tuko watu 61,741,120, na wastani wa kaya ni watu 4.3. Hakuna nyumba yenye watu wanne nukta tatu, hilo kila mtu analiona. Lakini chukua ofisi ya watu kumi ambamo tisa wanalipwa shilingi 600,000 na mkubwa wao analipwa 6,600,000. Wastani wa mshahara ni 1,200,000, na hakuna hata mmoja pale anayepokea fedha hiyo. Ukiwapanga kwa mstari kuanzia wa chini hadi wa juu ukamtazama wa katikati, utaona 600,000, na hapo ndipo ukweli wa ofisi ile ulipo. Siku nyingine ukienda usaili wakakwambia "wastani wetu ni mzuri", uliza wa katikati anapata ngapi. Somo hilo peke yake limenirudishia nusu ya ada.

Kuna kisa ninachokipenda kuliko vyote, cha mwanafunzi wa Marekani anayeitwa Thomas Herndon. Mwaka 2010 wachumi wawili wakubwa, Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff wa Harvard, walitoa makala iliyosema nchi ikibeba deni kubwa sana uchumi wake hudumaa, na wanasiasa wa Ulaya na Marekani wakaishika kweli kweli wakati wa kubana matumizi ya serikali. Herndon, akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Massachusetts kule Amherst, alipewa kazi ya darasani: chagua utafiti maarufu, urudie mahesabu yake. Akarudia, namba zikagoma kulingana. Akawaandikia wenyewe, wakampa faili lao la Excel. Alipolifungua akakuta fomula imechukua nchi 15 tu badala ya 20 zilizotakiwa. Haikuwa kasoro pekee, na wale maprofesa walikiri ile ya fomula ingawa waliendelea kutetea hoja yao kuu, lakini mwaka 2013 dunia nzima ya uchumi ilikuwa inamzungumzia mtoto wa shule aliyefanya homuweki yake vizuri. Kwa hiyo shemeji unayeuliza digrii si ninayo, ndiyo, ninayo. Ilinifundisha kuandika. Haikunifundisha kufungua faili la mtu na kuuliza nchi tano zimekwenda wapi.

Sasa tuje kwenye swali la akina mama.

Watu wakitaka kurudi chuo wanapiga hesabu ya ada. Wanakaa, wanahesabu muhula kwa muhula, wanaongeza nauli na bando, na kwa wale ambao Bodi ya Mikopo bado inawakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi, wanahesabu kwa uchungu zaidi. Ni sawa. Lakini ada ina njia zake. Utacheza mchezo, utavunja kibubu, utachukua kikoba, utaomba ofisi ichangie. Saa haikopesheki. Naomba uchukue karatasi tuhesabu pamoja, halafu uniambie kama natania.

Wiki ina saa 168. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka saa 45 za kawaida za kazi kwa wiki, tuseme mwajiri wako anaiheshimu. Ongeza saa 5 za mapumziko ya mchana, maana hata ukiwa unakula bado uko mjini. Foleni za Dar, kwenda na kurudi, tuseme saa 3 kwa siku, hiyo ni 15, na kama unakaa Kimara ukapata mwendokasi mapema umshukuru Mungu. Kulala saa 7, kwa wiki ni 49. Zimebaki 54. Kupika, kuogesha, kukagua madaftari, kufua sare, kubembeleza anayelia, weka saa 3 tu kwa siku, ni 21. Zimebaki 33. Kanisani au msikitini, kikao cha kikoba, msiba, na zile kamati za harusi ambazo usipohudhuria mchango wako unatajwa kwa sauti, weka 8. Zimebaki 25. Sasa chuo: jioni tatu za saa tatu tatu ni 9, mazoezi ya nyumbani 6, na usafiri wa ziada 3. Zimebaki saa 7.

Saa moja kwa siku, mpenzi msomaji. Ndani ya hiyo saa moja kuna kuoga kwako, taarifa ya habari, simu ya mama yako kijijini, na mume wako.

Ndiyo maana nasema ndoa zinatikisika na chanzo si pesa. Mwanamke anarudi saa tatu na nusu usiku amechoka hoi, anakuta watoto wamelala bila kumwona tangu asubuhi, mzee wa nyumba yuko kwenye kochi anabadilisha chaneli, chakula kimefunikwa mezani kimepoa. Hakuna aliyekosea. Lakini hakuna aliyeulizwa pia. Wakati wa kujaza fomu walizungumzia milioni na laki, hawakuzungumzia Jumanne, Jumatano na Alhamisi.

Nimekaa na wanafunzi wenzangu watu wazima, wake kwa waume, na tofauti iko wazi kama mchana. Baba akirudi shule anapongezwa. Mama mkwe anatuma kuku. Mkewe anawaambia watoto "msipige kelele, baba anasoma", na kelele zinakoma kweli. Mama akirudi shule anasoma baada ya watoto kulala, mezani, akiwa na sikio moja kwenye jiko. Yule mama mhasibu niliyemtaja anaamka saa kumi alfajiri kufanya mazoezi yake ya SQL kabla nyumba haijaamka, na mumewe, anavyosimulia mwenyewe, ni mtu mwema kabisa, hana tatizo na shule yake. Hana tatizo nayo kwa sababu haijamgusa! Siku alipoambiwa Alhamisi ni yake kuogesha watoto na kukagua hesabu, ndipo shule ikawa "imezidi sasa".

Upande wa pili nao upo, tusiwaonee akina baba. Kuna kaka mmoja anafanya kazi za kutoa mizigo bandarini, ana mtoto wa miezi minne. Anajitahidi, ila kila jioni ya darasa mkewe yuko peke yake na kichanga tangu asubuhi hadi saa tatu usiku. Alipotueleza hilo, dada mmoja akamwambia bila kumung'unya maneno kwamba muhula ungeweza kusubiri, kichanga hakisubiri. Mimi nakubaliana naye. Kozi za data zitakuwepo mwakani. Kama nyumbani kuna mtoto wa chini ya miezi sita na msaada ni mdogo, mwenye kusubiri kidogo hajashindwa kitu, awe baba awe mama.

Halafu kuna lile jambo ambalo watu hawalisemi kwa sauti. Diskasheni. Simu inatetemeka saa nne usiku, jina ni la mwanaume, na jibu ni "ni wa darasani". Kesho tena. Kundi la WhatsApp linaandika hadi usiku wa manane, mwanamke anacheka peke yake na simu. Mume hajui kwamba wanamcheka mwenzao aliyefuta jedwali zima usiku wa kuamkia siku ya kukusanya kazi. Anachoona ni kwamba mkewe ana kijiwe kipya, kina lugha yake, na yeye hayumo. Wivu wa hapa si wa kijinga. Shule ya ukubwani kweli inakupa watu wapya na maneno mapya, na mwenzako anaanza kuhisi anaachwa kituoni.

Dawa ya hili si kukabidhiana neno la siri la simu kama mahabusu. Dawa ni kumfungulia mlango. Sisi tulifanya diskasheni mbili sebuleni kwangu, Jumamosi mchana, watu sita na sambusa. Mume wangu akawaona kwa macho yake: baba mmoja wa makamo mwenye miwani miwili, madada watatu waliochoka kama mimi, na kijana mmoja anayekula kupita kiasi. Tangu siku hiyo simu ikilia saa nne ananiambia, "Pokea, ni yule wa sambusa." Lakini pia tukaweka mwiko: baada ya saa nne na nusu kundi linanyamazishwa, hata kama kesho kuna mtihani.

Hilo ndilo ninalowaomba wachumba na wanandoa wanaonisoma. Kabla ya kujaza fomu, kaeni Jumapili moja mchana, watoto wakiwa wamekwenda kucheza, na mgawane zile saa 21 za nyumbani kwa majina. Usiseme "utanisaidia". Neno kusaidia lina maana kazi ni yako na yeye anakupa lifti. Sema Jumanne kupika ni nani, Jumatano kumpokea mtoto ni nani, homa ikipanda usiku wa kuamkia mtihani ni nani anakwenda hospitali. Andikeni na tarehe ya mwisho: kozi inakwisha mwezi fulani. Mtu anaweza kubeba mzigo mzito sana kama anaona kituo kilipo. Na katika zile saa 7 zilizobaki, chukueni mbili mfululizo, siku moja, ziwe zenu wawili. Sisi ni Ijumaa, mishikaki ya barabarani, na ni marufuku kutaja chuo.

Nyumba nyingi zetu zina mtu wa tatu katika hesabu hii, na huwa tunamsahau hadi aondoke. Dada wa kazi. Ukirudi saa tatu na nusu mara tatu kwa wiki, wa kwanza kuongezewa saa ni yeye, si mumeo. Ile sheria niliyoitaja yenye saa 45 inamhusu na yeye, ni mwajiriwa kama wewe, na inampa saa 24 za kupumzika kila wiki. Saa za ziada zina malipo yake. Msichana anayeamka saa kumi na moja alfajiri kuandaa watoto na kumsubiri mama wa chuo usiku amefanya kazi mara mbili ya yako, na wewe ndiye utakayepata cheti. Kama bajeti ya kozi yako haina nyongeza ya dada, basi bajeti yako ina nchi tano zisizoonekana kama ile ya Harvard. Kama anayewaangalia watoto ni bibi yao, usimlipe kama dada, atakasirika, lakini muulize. Naye ana kikoba chake, ana kwaya yake, ana goti lake.

Kwa mwajiri pia usiende na uso wa kuomba sadaka. Sheria inakupa siku 28 za likizo ya mwaka. Ukijua ratiba ya mitihani mapema, tenga siku sita au nane za hizo kwa ajili ya wiki ya mtihani, ziombe miezi miwili kabla. Kisha mpe bosi sababu ya kufurahi: chagua zoezi linalohusu kazi zenu. Kwenye gazeti kama letu kuna nakala zinazouzwa na nakala zinazorudi, na ukizipanga kwa wakala na kwa mwezi unaona mambo ambayo wastani wa jumla unayaficha. Bosi akiona ripoti moja nzuri, ruhusa ya kuondoka saa kumi na moja kamili inakuja yenyewe.

Hapo kwenye zoezi, tahadhari moja. Usibebe orodha ya wateja wa ofisi kwenye flashi ukaenda nayo darasani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na majina, namba za simu na magonjwa ya watu si vifaa vya mazoezi. Omba ruhusa, ondoa majina, au fanya zoezi kwa majedwali ya sensa ambayo Ofisi ya Taifa ya Takwimu imeyatoa kwa umma. Yana mengi ya kuuliza. Mkoa wa Dar es Salaam peke yake ulikuwa na watu 5,383,728, utachoka wewe.

Wengi mtaniuliza nisome wapi. Inategemea saa zako, sio jina la chuo. Kama jioni haiwezekani kabisa, Chuo Kikuu Huria kipo tangu sheria yake ya 1992 kwa ajili ya watu kama sisi, na kina vituo mikoani. Kama unataka takwimu zenyewe kwa kina, Chuo cha Takwimu Mashariki mwa Afrika kiko Changanyikeni, kilianzishwa 1961, ni cha zamani kuliko wengi wanavyodhani. Kuna na kozi za intaneti, kama ile ya uchambuzi wa data ya Google iliyoanza 2021, ambayo wenyewe wanakadiria miezi sita kwa saa kumi kwa wiki. Rudi kwenye karatasi yako uone hizo saa kumi ziko wapi. Kozi ya intaneti haina foleni, lakini pia haina mlango, na mtoto anajua kabisa kwamba mama aliyekaa mezani yuko nyumbani. Chuo chochote utakachochagua hapa nchini, hakikisha kinatambuliwa na TCU au NACTVET kabla hujatoa hata shilingi. Vyumba vya kukodi vyenye bango la "data" na kompyuta nane vimezidi mjini. Mwenzetu mmoja alilipa kwenye kimoja cha namna hiyo, madarasa yakaahirishwa mara nne, ya tano wakakuta kufuli.

Kuhusu vifaa, usidanganyike kununua laptopu ya bei ya pikipiki. Anza na Excel uliyonayo kazini, uijue hadi mwisho, halafu SQL, kisha R au Python. Hizi mbili za mwisho ni za bure. R ilianzia kwenye chuo kikuu kule Auckland, New Zealand, mwanzoni mwa miaka ya 1990, kwa mikono ya walimu wawili, Ross Ihaka na Robert Gentleman, waliotaka kitu cha kufundishia. Laptopu ya mtumba iliyo hai inaibeba vizuri tu. Fedha utakayookoa mpe dada.

Watoto? Wangu wamezoea haraka kuliko baba yao. Mkubwa anakaa na daftari lake upande mmoja wa meza, mimi upande wa pili, na juzi aliniuliza kwa nini mwalimu wangu hanipi tiki nyekundu. Nikamwambia kompyuta ndiyo inayonisahihisha, inaniandikia maneno mekundu nikikosea. Akasikitika kidogo, akachukua kalamu yake akanipigia tiki pembeni ya karatasi, kubwa.

Mume wangu naye ameshasema zamu yake ni mwakani. Anataka kusomea umeme wa jua, jioni. Tumebandika karatasi mpya kwenye friji na tumeshaanza kubishana Jumatano itakuwa ya nani.

Tuandikie: nyumbani kwenu nani anasoma, na Jumatano ni ya nani? Tukutane mwezi ujao.